SOMO: Kumtunza mnyama wa maabara hatua kwa hatua (panya, sungura, simbilisi)

Wakuu habari zenu. Kuna watu wengi wanaanza kazi kwenye chumba cha wanyama wa maabara, wengine ni wanafunzi wa utafiti wamekabidhiwa panya na kuambiwa tu wape maji na chakula, usafi mara moja kwa wiki, basi. Haitoshi hiyo. Somo hili ni la yule anayemshika mnyama kwa mkono kila siku. Nitaongelea zaidi panya, wadogo na wakubwa (ni aina mbili tofauti, siyo umri), maana ndio wengi, sungura na simbilisi nitawagusia njiani.

Msimamo wangu nauweka mapema: mnyama mwenye hofu au maumivu anakuharibia data. Homoni za msongo zinapanda, mapigo ya moyo yanapanda, sukari inayumba, kinga inashuka, halafu mtu anakaa anashangaa matokeo hayaeleweki. Kwa hiyo hata kama panya huwaonei huruma, fanya haya kwa faida ya kazi yako.

HATUA YA 1: Kabla mnyama hajafika
Jiulize kama kweli anahitajika. Tangu mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka mambo matatu ambayo mpaka leo kamati nyingi za maadili zinayauliza: je, unaweza kutumia njia nyingine isiyo na mnyama, unaweza kupunguza idadi, unaweza kuboresha namna unavyomtumia ili asiumie. Hapo kwenye kupunguza watu wanateleza sana. Wanadhani ukitumia panya wachache ndo umefanya vizuri, kumbe ukichukua wachache mno hupati jibu, na wote hao wamekufa bure. Mtafute mtu wa takwimu mapema, usimtafute baada ya kazi kuisha.

HATUA YA 2: Chumba
Joto nyuzi 20 hadi 26, unyevu wa hewa asilimia 30 hadi 70, mwanga saa 12 na giza saa 12. Hivyo vipimo viko kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba panya mdogo akipumzika anajisikia vizuri kwenye nyuzi karibu 30, yaani chumba ambacho wewe unakiona kizuri na koti lako, yeye kwake ni baridi. Ndo maana lazima apewe vitu vya kujengea kiota, gramu 8 hadi 10 kwa kizimba kimoja, siyo kipande kimoja cha tishu cha kutolea lawama. Akipewa vya kutosha anajenga kiota chenye kuta na paa kabisa. Na hicho kiota kinakusaidia wewe pia, maana panya aliyekuwa anajenga vizuri halafu leo kiota kimetawanyika, huyo ana jambo.

Kelele nazo. Panya anasikia sauti za juu ambazo sikio la mtu halizipati kabisa, kwa hiyo kompyuta, taa mbovu au bomba linalovuja vinaweza kumpigia kelele usiku kucha na wewe umesimama hapo hapo unasema chumba kimetulia. Na giza liwe giza kweli, ule mwanga wa korido unaopenya chini ya mlango unamvuruga. Weupe wenye macho mekundu usiwaweke rafu ya juu karibu na taa, macho yao yanaharibika.

HATUA YA 3: Akifika, muache
Safari imemchosha, uzito umeshuka, harufu zote ngeni. Mpe siku kadhaa mpaka wiki kabla ya jaribio lolote. Mwenye haraka atakwambia muda hakuna, mwambie muda wa kurudia jaribio utapatikana wapi.

HATUA YA 4: Mzunguko wa asubuhi
Hii ndo roho ya kazi, naomba tukae hapa kidogo.

Anza na vyumba vya wanyama wazima, wenye ugonjwa na walio karantini wawe wa mwisho, na ukishaingia kwa wagonjwa usirudi nyuma. Ukifika kwenye rafu usifungue kizimba. Simama kwanza. Panya ni mnyama wa kuwindwa, akikuona anajikaza aonekane mzima, kwa hiyo unasubiri azoee uwepo wako ndipo unaona ukweli: nani kajitenga pembeni, nani mgongo umepinda, nani manyoya yamesimama na hayana mng'ao, nani anatembea kama anakanyaga moto.

Kisha angalia uso. Mwaka 2010 watafiti wa Canada walitoa kipimo cha maumivu kwa kutazama uso wa panya mdogo, na mwaka uliofuata kikaja cha panya mkubwa. Kile cha panya mdogo kina vitu vitano: macho yamebanwa, pua imevimba juu, mashavu yamejaa, masikio yamerudi nyuma, sharubu zimekaa tofauti na kawaida. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Ukizoea unafanya haraka tu, ila usimpime aliyelala au anayejisafisha, utadanganyika.

Halafu maji. Usiangalie tu kwamba chupa imejaa, chupa iliyojaa tangu juzi ndo ya kuogopa! Gusa ncha ya mrija kwa kidole (na glovu), tone litoke. Lisipotoka kuna hewa imeziba au kigololo kimekwama, na panya mdogo hana akiba ya maji mwilini, siku moja tu inamtosha kudhoofika. Kinyume chake chupa inayovuja inalowesha maranda, na panya aliyelowa usiku anaweza kufa kwa baridi huku chakula kipo. Kwa hiyo ukigusa mrija, tupia jicho na chini pia.

Andika uzito, andika ulichoona. "Yuko sawa" siyo maelezo.

HATUA YA 5: Kumshika
Wakuu, acheni kubeba panya wadogo kwa mkia. Mwaka 2010 huo huo watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba wanaobebwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi zaidi na wanaukimbia mkono, wakati wanaobebwa ndani ya kibomba au kwenye viganja viwili wanaufuata wenyewe. Weka kibomba ndani ya kizimba, msukume taratibu aingie, inua. Mtu atakwambia inachelewesha kazi, mwanzoni kweli, baadaye hawakimbii tena kwa hiyo unaokoa muda.

Sungura usimshike masikio, na miguu ya nyuma ibebwe muda wote, akirusha teke hewani bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Simbilisi mikono miwili, mmoja kifuani mmoja chini ya makalio.

HATUA YA 6: Usafi
Usafi ukizidi nao ni tatizo. Kila ukibadilisha kizimba unamfutia harufu zake zote na madume yanaanza kugombana upya. Hamisha kiota kikavu cha zamani kwenda kizimba kipya, lakini maranda yenye mkojo usihamishe, yale yanachochea ugomvi. Na ukisikia harufu kali ya mkojo umesimama, ujue umechelewa, pua yako iko juu, ya kwao iko sakafuni.

HATUA YA 7: Maumivu na mwisho wake
Dawa ya maumivu inatolewa kabla ya kupasua, siyo baada ya kuona anateseka. Na kikomo kiandikwe kabla jaribio halijaanza: akipungua uzito kiasi gani, wengi wanaweka asilimia 20, au akishindwa kufika kwenye maji, kazi inaishia hapo. Kama mnatumia gesi ya kaboni dayoksaidi kumuua, kizimba kisiwe kimeshajazwa gesi, iingie taratibu, asilimia 30 hadi 70 ya ujazo kwa dakika, na uhakikishe kwa njia ya pili kwamba amekufa kweli. Vichanga wanaivumilia gesi hiyo muda mrefu sana, kwao iwepo njia nyingine kwenye protokali, yaani ule mpango wa jaribio ulioandikwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Madume yangu manne yanang'atana, niwatenganishe wote?
Jibu: Angalia migongo na mikia kwanza. Mara nyingi yule asiye na kidonda hata kimoja ndo mkorofi, mtoe huyo uone kama wengine watatulia. Wakiendelea, tenganisha, na anayebaki peke yake umwongezee vya kujengea kiota. Siku nyingine waweke pamoja ndugu wa tumbo moja kabla hawajabalehe, madume wakubwa wasiojuana usiwachanganye.

Swali: Panya mkubwa anatoka damu machoni na puani, nimpe antibayotiki?
Jibu: Tulia ndugu, mara nyingi siyo damu. Kuna tezi nyuma ya jicho inatoa rangi nyekundu, na akiwa na msongo au mgonjwa anashindwa kujisafisha ndo unaiona. Ni dalili tu, tafuta sababu: maji yanatoka? meno yamezidi urefu? mwenzake anamwonea? anakoroma? Daktari wa wanyama amwone, antibayotiki ya kubahatisha hapana.

Swali: Kwa binadamu tunawafungisha usiku kabla ya upasuaji. Panya je?
Jibu: Panya hawezi kutapika, kwa hiyo ile sababu yetu kwake haipo. Ukimnyima usiku, muda ambao ndo hula, asubuhi unampasua akiwa na sukari chini. Sungura pia hatapiki na utumbo wake ukisimama ni hatari, aendelee kula. Simbilisi msafishe mdomo tu, huwa anabaki na chakula mashavuni.

Swali: Simbilisi wetu wanachechemea, manyoya mabaya, wanakula pelleti za sungura vizuri tu.
Jibu: Dada, tatizo ndo hizo pelleti. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini, kama sisi, sungura anatengeneza, ndo maana chakula chake hakiwekewi ya kutosha. Wapatie chakula chao, na uangalie tarehe ya kutengenezwa, vitamini C ya kawaida huhesabiwa siku 90 hivi baada ya hapo. Waliokwisha kuchechemea daktari awape dozi leo.

Swali: Nilisoma kwamba sheria ya Marekani haimhesabu panya kuwa mnyama, kweli?
Jibu: Kwa ile sheria ya ustawi wa wanyama ya 1966, panya wanaozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo, ila taasisi zinazopata fedha za utafiti wa afya za serikali zinabanwa na sera nyingine ambayo panya wamo. Ulaya wako mbele kidogo, agizo lao la 2010 linalinda wote wenye uti wa mgongo na hata pweza.

Swali: Jumapili niko zamu peke yangu, panya kapungua asilimia 22, mwenye utafiti hapokei simu na kikomo ni 20. Nifanyeje?
Jibu: Mpigie daktari wa wanyama wa zamu sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Kikomo kimeshaidhinishwa na kamati, huhitaji ruhusa ya mwenye utafiti kukifuata. Andika saa, uzito na simu ulizopiga, mpige picha, na akishauawa mwili uuhifadhi kwenye friji ya baridi ya kawaida, usiugandishe, wakitaka kuchukua sampuli watazikuta.