Chokaa au kemikali ikiingia jichoni: hatua za mwanzo na dawa za matone kwa wahudumu wa zahanati

Mpaka rangi akiletwa na chokaa jichoni, kadi isubiri. Chokaa ni alkali: huyeyusha mafuta ya kuta za seli na kuzidi kupenya, tofauti na tindikali nyingi ambazo hugandisha protini na kujizuia zenyewe. Kostiki soda ya watengeneza sabuni hupenya kwa kasi zaidi.

1. Ganzi, kisha maji. Weka tone la tetrakaini 0.5%, shika kope wazi, fungulia dripu ya chumvi au ya Ringer moja kwa moja jichoni. Dripu ikikosekana, tumia maji safi ya bomba. Osha angalau dakika 30, na uongeze ganzi mgonjwa akianza kukaza kope. Usijaribu kuua makali kwa siki wala ndimu.

2. Pindua kope la juu. Hapa ndipo wengi hupakosa. Mwambie atazame chini, shika nywele za kope, geuza kope juu ya kijiti cha pamba. Mara nyingi utaona punje nyeupe zimenata kwenye utando mwekundu. Zipanguse kwa pamba iliyolowa, juu na chini. Punje moja ikibaki, itaendelea kutoa alkali hata uweke dawa gani.

3. Pima pH, yaani kiwango cha tindikali au alkali. Acha kuosha kwa dakika 5 hadi 10, kisha gusisha karatasi ya pH ndani ya kope la chini. Tunataka 7 hadi 7.4. Ikizidi hapo, rudi kwenye maji.

4. Sasa dawa. Marhamu ya tetrasaiklini au kloramfenikoli 1%, mara 4 kwa siku. Atropini 1% kutuliza maumivu ya msuli wa ndani. Fenilefrini, tone jingine la kupanua mboni, usiiguse, kwani inabana mishipa ya damu ambayo tayari imeumia.

Prednisoloni 1%, tone la steroidi la kutuliza uvimbe, inaogopwa kuliko inavyostahili. Kwenye jeraha kubwa daktari wa macho huianzisha mapema, hata kila saa 1 hadi 2, kwa sababu uvimbe wenyewe unaharibu jicho. Hofu ina nafasi yake baadaye: kuanzia siku ya 7 hadi 10, kama kidonda cha konea (kioo cha mbele ya jicho) hakijafunga, dozi hupunguzwa, la sivyo konea inaweza kuyeyuka na kutoboka. Matone ya askobati (vitamini C) 10% kila saa 2 husaidia kujenga kolajeni, protini inayoshikilia konea, pale famasia ya hospitali inapoyatengeneza.

Ganzi haiendi nyumbani na mgonjwa, hata akikusihi vipi. Inazuia kidonda kupona.

5. Rufaa siku hiyohiyo kama konea ina ukungu, au ukingo wake umepauka bila mishipa ya damu. Weupe huo usikufariji: jicho jekundu lina damu, lililopauka limeungua zaidi. Kwenye barua andika kemikali yenyewe, saa iliyoingia, muda uliosafisha na pH ya mwisho.