Vifaa vya kukimbilia Mtwara: anza na njia, duka litafuata

Mtu akiniuliza anunue kiatu gani cha kukimbilia, namrudishia swali: unakimbilia wapi? Lami ya kwenda Mikindani, mchanga wa Shangani, au vumbi la huko Naliendele? Miaka yote nimekimbia kwa raba za mitumba, na hivi ndivyo ninavyompitisha anayeanza.

Hatua ya 1: Chagua njia

Ufukwe unavutia macho, lakini umeinama. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa chini unanyooka kuliko wa juu, na jioni goti linakudai. Subiri maji yapwe, shika mchanga uliokaza, kisha rudi kwa njia ileile ili miguu ibadilishane zamu. Kwa anayeanza, lami iliyonyooka ni salama zaidi kwa vifundo.

Hatua ya 2: Kiatu, na hapa usiwe na haraka

Nenda sokoni jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, na ubebe soksi zako. Ukiokota raba, usiitazame rangi. Igeuze. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, irudishe kwenye lundo: mwendo wa aliyeivaa mwanzo bado umo humo, na wewe utaurithi.

Halafu bonyeza sponji la pembeni, juu kidogo ya soli, kwa kidole gumba. Lididimie na kurudi. Likiwa gumu kama ndala iliyosahaulika juani, limekwisha kazi hata kama kiatu kinang'aa. Shika ncha na kisigino, kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kinachokunjika katikati kama chapati hakikufai.

La mwisho ni gundi, na hili nimelilipia. Nilinunua raba nyeupe safi, haina hata mkwaruzo. Kumbe ilikaa stoo miaka, gundi imekauka. Siku ya tatu, nikielekea Mikindani, soli ya kulia ikaanza kupiga makofi. Nikaifunga kwa kamba ya kiatu, haikufika mbali. Nilirudi mjini peku, lami imeshapata moto, na wauza mihogo wakanipa pole huku wanacheka. Siku hizi navuta ncha ya soli kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akinuna, anune.

Ukivaa, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Raba mpya kwa kawaida huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Ya mtumba hujui imeshakula ngapi, kwa hiyo andika tarehe ya kuinunua kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu.

Kijana mmoja aliniambia anataka viatu kama vya Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Nikamwambia aanze na mapafu ya Simbu, viatu tutavitafuta baadaye.

Hatua ya 3: Nguo

Joto letu lina unyevu. Jasho halikauki upesi, na mwili hupoa pale jasho linapokauka. Fulana ya pamba hulinywa lote, ikawa nzito na kuanza kukwangua. Vaa jezi ya mpira, ile nyepesi ya polista, na bukta isiyobana. Paka mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja na kwenye chuchu. Wanaume wengi hucheka hili mpaka waone damu kwenye jezi.

Dada zangu, sidiria ya michezo ijaribuni kwa kurukaruka papo hapo. Mnaojitanda, chagueni ushungi wa kuvaa kichwani moja kwa moja, wa kitambaa chepesi. Pini iacheni nyumbani.

Hatua ya 4: Uonekane

Magari yetu hupita kushoto, basi wewe kimbia kulia, uyaone yanakuja. Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili alfajiri bado kuna giza, na lori halina breki za huruma. Nunua kizibao cha reflekta kama wanachovaa bodaboda. Spika za masikioni zibaki mfukoni, au weka moja tu.

Hatua ya 5: Maji na kapelo

Kapelo ya rangi nyeupe inatosha. Mbio zikizidi saa moja, beba maji. Dafu ni la kumalizia. Ukisikia kizunguzungu au vinyweleo vikisimama kama una baridi na jua linawaka, acha kukimbia, kaa kivulini, jimwagie maji na uite mtu.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha tunza

Usikizindue kiatu kipya kwa mbio ndefu. Kimbia kilomita 2, vua soksi, tafuta pekundu. Penye wekundu leo, kesho pana lengelenge.

Ukishaosha, usianike juani wala usiweke karibu na jiko. Ndivyo gundi inavyokufa. Jaza karatasi za gazeti ndani, tundika kivulini. Zangu huning'inia kwenye tawi la mkorosho nyuma ya nyumba, na kila asubuhi nazikung'uta kwanza, maana siafu nao wanazipenda.