Kuchora ukoo na kuchukua damu: upofu wa kurithi vijijini Nyanda za Juu Kusini

Utafiti wa jeni za macho huanzia nyumbani kwa mgonjwa, Makete au Busokelo, ukiwa na karatasi pana, penseli na kifutio. Mchoro wa ukoo ukikosewa, mashine za maabara zitatafuta jeni mahali isipokuwepo.

Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiwe mkononi kabla ya safari, na mtendaji wa kijiji awe na taarifa. Sampuli zikikusudiwa kupimwa nje ya nchi, ombeni mapema na mkataba wa kuzisafirisha.

Ondoeni kwanza magonjwa yanayofanana na upofu wa kurithi. Ukanda wa Tukuyu una historia ya usubi (ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wadogo), nao huharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upungufu wa vitamini A nao huleta upofu wa usiku, lakini mgonjwa akipewa vitamini hiyo kwa kawaida hupata nafuu. Retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoharibu retina polepole, haina nafuu hiyo: mtu hushindwa kuona gizani, kisha miaka inavyokwenda uoni wa pembeni husinyaa mpaka awe kama anachungulia kwenye bomba. Muulizeni, "Jua likizama, unatembea mwenyewe au unashikwa mkono?" Mboni ikipanuliwa kwa dawa, daktari wa macho hutafuta madoa meusi pembeni mwa retina na mishipa ya damu iliyokonda.

Sasa ukoo, vizazi vitatu kwa uchache. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, asiyeona hujazwa rangi, marehemu hupigwa mstari wa mshazari, na ndoa ya ndugu wa damu huunganishwa kwa mistari miwili. Alama ni rahisi. Yanayopoteza watu ni maneno yetu ya undugu. Mgonjwa akisema "kaka zangu wawili hawaoni", anaweza kuwa anawataja watoto wa mama mkubwa, na hajadanganya hata kidogo. Lakini kwenye mchoro tofauti ni kubwa. Wavulana wa mama mkubwa na mama mdogo wakiugua huku mama zao wakiona vizuri, shukuni kromosomu X (kifungu cha jeni ambacho mwana wa kiume hukipata kwa mama yake), hasa jeni yake iitwayo RPGR. Wakiwa wa baba mkubwa na baba mdogo, dhana hiyo inadhoofika sana, kwa kuwa mwana hapokei X ya baba yake. Kwa hiyo msiulize "una ndugu wangapi?" Ulizeni, "Mama aliyekuzaa amezaa watoto wangapi, pamoja na waliofariki?" Suala la nani hasa ni baba wa mtoto aulizwe mama peke yake, faragha, na jibu liandikwe kwa namba, bila jina.

Damu ichukuliwe kwa wagonjwa, wazazi wote wawili kama wapo, na angalau ndugu mmoja wa tumbo moja anayeona vizuri. Kuchukua ya wagonjwa pekee ni kosa la kawaida: mkikuta badiliko kwenye jeni hamtakuwa na wa kulinganisha naye. Tumieni kichupa cha kifuniko cha zambarau chenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda), mililita 4 kwa mtu mzima. Cha kijani kina heparini, ambayo huzuia PCR (njia ya maabara ya kunakili vipande vya jeni mara nyingi). Kijazeni hadi alama, kisha mkipindue taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Mkichelewa damu huganda. Mkitikisa kwa nguvu seli hupasuka. Namba iandikwe kwenye mwili wa kichupa, kamwe si kwenye kifuniko, kabla ya kumgeukia mtu wa pili.

Kwenye boksi la barafu, vifungeni kwa kitambaa visigusane na barafu, joto libaki nyuzi 2 hadi 8. Kipimajoto kikaguliwe njiani, hasa mkishuka kutoka baridi ya Tukuyu kuingia joto la Kyela. Mtoto anayeogopa sindano atoe mate mililita 2, bila kuhesabu povu, akiwa hajala wala kunywa kwa dakika 30.

Msiahidi tiba. Retinaitisi pigmentosa inahusishwa na jeni zaidi ya 80, na tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ni ya jeni moja pekee, RPE65.

Kabla ya kuondoka, msomeeni bibi au babu mchoro wote kwa sauti, jina kwa jina. Hapo ndipo hukumbukwa mtoto aliyefariki mdogo, au mke wa kwanza aliyerudi kwao Ludewa na mwanawe. Kifutio kitumike hapo hapo.