Babu katoka Kachchh? Ivi ndo unavyokitafuta kijiji chake kwenye sensa ya India

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wenye asili ya India ukiwauliza kwao wapi wanakwambia "Kachchh", basi, wanakwama hapo. Sasa Kachchh si kijiji jamani, ni wilaya, tena kwa eneo ndo kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674, visiwa vyetu vyote viwili vinaingia humo zaidi ya mara kumi na tano. Kwaiyo lazma upate jina la pili, la mji au kijiji ndani ya Kachchh.

Toa zile karatasi kongwe kabatini, pasi, cheti cha ndoa, hata daftari la duka, uangalie jina lililokaa jirani na neno Cutch au Kutch, ndo hiyo hiyo Kachchh. Ukikuta Bombay usikimbilie kusema babu wa Bombay, pengine alipandia chombo hapo tu. Na neno Gujarat usilitegemee kwenye karatasi za zamani kama jina la jimbo, mana jimbo hilo limeundwa 1960.

Ngazi zao zinakwenda ivi: jimbo, wilaya, taluka, kijiji. Mie naona rahisi kuifikiria wilaya yao kama mkoa wetu na taluka kama wilaya, na huko kijijini kuna sarpanch ambae ukimtazama ni kama sheha, ila yeye anapigiwa kura. Kachchh ina taluka kumi: Bhuj ambayo ndo makao makuu, Mandvi, Mundra, Anjar, Gandhidham, Bhachau, Rapar, Nakhatrana, Abdasa na Lakhpat.

Hapa kuna mtego ulionipotezea siku mbili nzima nilipokuwa namsaidia jirani yangu wa Wete. Karatasi ya babu yake imeandikwa Mandvi, mie nikaingia mtandaoni nikakuta Mandvi nikafurahi, kumbe ile ni ya wilaya ya Surat, Gujarat hiyo hiyo lakini mbali kabisa! Mandvi ya Kachchh ni ya pwani, ya majahazi. Kila jina lithibitishe pamoja na wilaya yake.

Sasa tafuta kitabu cha sensa cha wilaya, cha 2011, mana ile ya 2021 iliahirishwa. Fungua taluka yako, vijiji vimepangwa humo na kila kimoja kina idadi ya kaya, wanaume, wanawake, watoto chini ya miaka saba, wanaojua kusoma. Dini usiitafute kwenye mstari wa kijiji, hiyo inatolewa kuanzia taluka na miji.

Wilaya nzima ilikuwa na watu 2,092,371, wanawake 995,634, na karibu theluthi moja ndo wa mjini. Sie sensa ya 2022 tulikuwa 1,889,773, tunakaribiana, lakini wao kilomita moja ya mraba wastani watu 46 tu, mana sehemu kubwa ni jangwa la chumvi. Kwaiyo ukikuta kijiji kina watu wachache usidhani umekosea. Lakhpat alikozaliwa Tharia Topan, yule aliyeanzisha jengo la Dispensari kongwe pale Mizingani, ulikuwa mji wa biashara mpaka tetemeko la 1819 likaufunga mkondo wa mto, watu wakahama.

Ukishapata orodha ya vijiji vya taluka yako iprinti, mpelekee mzee anaezungumza Kikachi, lugha ya huko Kachchh, umsomee jina moja moja kwa sauti, usimuoneshe maandishi, mana tahajia za kizungu zinaficha majina mengi ila sikio lake atalijua la kwao.