Weka saa ya kugeuka

Ukienda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, panga kwa saa, si kwa kilele. Vile vilima vinadanganya: ukifika juu ya kimoja, cha mbele kinaonekana ndicho cha mwisho. Mimi nilitoka nyumbani nikitaka vitatu tu, nikajikuta Kona Baridi, upande wa pili kabisa, kama kilomita 10 kutoka langoni. Chupa tupu. Gari nimeliacha Ngong.

Siku hizi nafanya hesabu kabla sijafunga kamba za viatu. Nikianza saa 3 asubuhi na nataka niwe chini saa 11 jioni, nina saa 8. Nusu yake ni saa 4, yaani ningegeuka saa 7 mchana. Lakini miguu ya kurudi si ile ya kwenda, kwa hiyo naweka kengele ya simu ilie saa 6 na nusu. Ikilia nageuka, hata kama kilele kiko pale. Huku karibu na ikweta jua hutua mnamo saa 12 na nusu, na nusu saa baadaye huoni jiwe lililo mbele ya kiatu.

Kengele ikikukuta umeshapita katikati, usirudi. Songa mbele hadi barabara ya Magadi, panda matatu ya Kiserian, kisha nyingine ya Ngong. Nauli hiyo iwe mfukoni, noti taslimu, maana simu huenda imezimika kwa kupiga picha.