Kuni za mti mgumu: kata Mei, pasua zikiwa mbichi, washa Novemba

Ukipita Njombe asubuhi ya Julai utaona weupe mzito umelala juu ya mapaa ya bati, na jua linachomoza bila kuuondoa. Wageni hudhani ni ukungu mtupu. Sogea karibu na jiko lolote uone unakotoka: ni mvuke wa maji yaliyokuwa ndani ya kuni mbichi, umechanganyika na gesi ambazo zilipaswa kuungua chini ya sufuria ya maharage, zikapanda angani bila kuungua.

Swali ninaloulizwa zaidi na wakulima ni mti gani una kuni nzuri. Ni swali la maana, nami nitalijibu, lakini kuna la kutangulia: kuni zako ni kavu kiasi gani? Ukikausha kabisa kilo moja ya mwati (aina ya akasia) na kilo moja ya mparachichi, joto litakalotoka halipishani sana: takriban megajuli 18 hadi 19 kila moja. Tofauti ya miti iko kwenye uzito wa ukuni kwa ukubwa wake. Mwati umeshikana, hivyo kipande kimoja kinabeba kuni nyingi, kinaungua polepole na kuacha makaa. Mparachichi ni mwepesi, unashika haraka na kuisha haraka. Kinachoamua kama utapika au utalia machozi ni maji yaliyomo.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua ukuni mbichi wa kilo 4: ndani yake mna kilo 2 za mti na lita 2 za maji. Ukiuingiza jikoni hivyo, moto unalazimika kuyageuza maji yote hayo kuwa mvuke kabla sufuria haijaonja joto. Ukiuacha ukauke vizuri hadi maji yabaki asilimia 20, uzito wake utashuka mpaka kilo 2 na nusu. Mti ni uleule na jasho la kuukata ni lilelile, ila sasa unapika.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilinunua kirikuu (gari dogo la mizigo) nzima ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyopasuliwa tayari, muuzaji akaniapia kwamba zimekaa miezi sita. Nilipoziweka motoni, kwenye ncha ya kila ukuni yalianza kutoka mapovu ya rangi ya chai, yanachuruzika na kufoka kama maziwa yanayotaka kumwagika. Tulipuliza mpaka macho yakavimba. Maharage yaliyowekwa saa tatu asubuhi yaliliwa jioni. Tangu siku hiyo sinunui kuni bila kuzikagua kwa mikono yangu.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Tazama kichwa cha ukuni: mkavu una nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni kama miale ya jua. Gome linabanduka kwa kidole. Gonganisha kuni mbili: kavu zinalia kwa sauti kali, ko, ko, mbichi zinatoa sauti bubu kama umepiga gunia la unga. Ukibaki na shaka, pasua kipande kimoja na uweke shavu kwenye upande wa ndani. Ukihisi ubaridi wa unyevu, usilipe bei ya kuni kavu.

Njia ya uhakika zaidi ni mizani ileile unayopimia mahindi. Unapopanga kuni zako, chagua vipande vitatu, viandike uzito kwa mkaa au kalamu ya rangi, kisha vipime kila baada ya wiki mbili. Vikiacha kupungua uzito, zimefika.

Sasa tuje kwenye miti yenyewe. Nazungumzia Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu ndiko ninakokujua na ndiko tunakowasha moto wa kupika na wa kuota kwa pamoja.

Mwati ndio ninaouweka mbele. Asili yake ni Australia, na huku Njombe ulianza kupandwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya gome lake, lenye tanini ya kusindikia ngozi. Kuni zake ni nzito, moshi wake mdogo zikikauka, na makaa yake yanakaa. Kwa maharage, kande au nyama ya kuchemsha muda mrefu, sijaona wa kuushinda. Pasua ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unang'ang'ania shoka. Una kasoro mbili za shambani. Kisiki chake hakichipui vizuri, kwa hiyo lazima upande upya au ulee miche inayojiotea. Na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri, moto ukipita zinaota kama majani. Usiuache utambae kwenye malisho na kingo za mito.

Mlingoti, au mkaratusi, ni mzito na una faida ambayo mwati hauna: ukiukata unachipua. Bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki, mengine yaondoe, na baada ya miaka michache unavuna tena bila kununua mche. Lakini ndio unaodanganya watu zaidi. Nje unaonekana mkavu na ndani bado umejaa maji, na nyuzi zake zimesokotana. Gogo lililokauka likiwa zima linavunja mpini wa shoka. Upasue wiki ileile uliyoukata. Na usiupande karibu na chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na mkulima aliyewahi kuona kisima cha bondeni kikikauka hahitaji kukumbushwa na sheria.

Mgrevilea ni wa katikati. Unakauka upesi, unapasuka bila ugomvi, na kwa kuwa unavumilia kukatwa matawi kila mwaka, mistari miwili kwenye mpaka wa shamba inaweza kukupa kuni huku shina likiendelea kuwa mbao. Ukiwa na eneo dogo, anza na huu. Mashina ya kahawa ya zamani, unapoikata ili ichipue upya, usiyaache yaoze shambani: ni magumu na yanatoa joto zuri. Matawi ya mparachichi uliyopogoa yafaa kwa chai na uji wa asubuhi. Paini si mti mgumu, na utomvu wake unajaza masizi kwenye sufuria na bomba. Vijiti vyake vitumie kukoka moto tu.

Kuna kuni moja ya kwetu ambayo nakuomba kwa moyo wote usiiguse. Vipande vya nguzo za umeme na za uzio vilivyotiwa dawa huokotwa na kuuzwa kama kuni, maana ni vikavu na vinawaka vizuri. Vile vyenye ukijani hafifu vimeshindiliwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Ukivichoma, sehemu ya aseniki inatoka na moshi unaovuta wewe na watoto, na nyingine inabaki kwenye majivu, ambayo ng'ombe akiyaramba anaweza kufa. Vile vyeusi vinavyonuka lami navyo viache. Mbao zilizopakwa rangi ziingie kundi hilohilo.

Kalenda ndiyo kazi kubwa. Mvua zetu zinaisha kati ya Aprili na Mei. Kata wakati huo, pasua kuni ziwe na unene wa kifundo cha mkono, zipange juu ya magogo mawili au mawe ili zisiguse udongo na kuita mchwa. Panga mstari mmoja ukiukabili upepo, acha nafasi mwanga upenye. Funika juu tu kwa bati kuukuu. Ukizifunika pande zote kwa turubai, unazivundika. Manyunyu ya Juni na Julai hayadhuru kitu kama juu pamefunikwa, kwa sababu maji yanayosumbua ni yale ya ndani ya mti. Mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua hazijakolea, ziingize bandani. Kuni nene za mlingoti ziache zipitishe kiangazi cha pili.

Kichanja cha juu ya moto kinasaidia kumalizia ukavu wa kuni za siku mbili tatu. Kisigeuzwe ghala: nyumba zimeungua kwa cheche moja.

Kwenye jiko, hata kuni kavu zinaweza kuharibiwa na anayeziweka. Jiko banifu lina kijukwaa cha kuni mdomoni, na chini yake ni njia ya hewa. Weka kuni tatu au nne nyembamba juu ya kijukwaa, ziungue ncha tu, uzisukume kidogokidogo. Ukiujaza mdomo mpaka chini unaliziba pumzi, na moshi unarudi kwako. Bomba la moshi ligonge na kulisafisha kila mwezi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034, na ukiweza kununua mtungi wa gesi kwa ajili ya chai, nunua. Lakini najua sufuria ya maharage bado iko kwenye kuni, na haipaswi kuumiza mapafu ya mama anayeisimamia.

Usiku wa baridi, usihamishie makaa ya mwati chumbani mnakolala mkafunga dirisha. Makaa hayana moshi, ila yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa usingizini. Otea moto jikoni, ukienda kulala makaa yabaki huko.

Majivu ya kuni safi yahifadhi pakavu. Yana potasiamu na yanapunguza tindikali ya udongo wetu mwekundu. Yatandaze kidogo kwenye mahindi, maharage na kabichi. Usiyachanganye na yurea wala mbolea ya kuku, naitrojeni itapotea hewani. Viazi mviringo viruke, kwani udongo ukipungua tindikali ugonjwa wa ukoko wa viazi hushamiri. Na kwenye shamba la chai usiweke hata konzi moja: mti huo unataka tindikali yake ibaki kama ilivyo.