Ukienda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, na dodoso, angalia mwezi kwanza

Kwa mnaokusanya data za wavuvi wa dagaa huku Mwanza: kabla ya kupanga tarehe, tazama mwezi uko wapi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakolea, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika na vijana wengi wanarudi makwao. Mimi nilifika Igombe na madodoso 60 mwezi ukiwa mpevu, nikakuta nyavu zimeanikwa na wazee wawili wanacheza bao. Nauli ikaenda bure.

Na swali la "kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" lifute kabisa. Mvuvi hahesabu hivyo. Atakutajia namba yoyote ili umwache aendelee na kazi. Muulize usiku wa jana walipata ndoo ngapi, ndoo iliuzwaje, mafuta na chakula vilikata kiasi gani, kilichobaki wakagawanaje na tajiri mwenye mtumbwi. Hesabu ufanye mwenyewe jioni. Giza moja, yaani kipindi kimoja cha kuvua kati ya mbalamwezi na mbalamwezi, na jingine hayafanani, kwa hiyo uliza angalau magiza mawili.

Akina mama waanikaji wafuate alasiri, dagaa wakishaanuliwa. Asubuhi hawana muda na wewe.